Folda si mfuko: Safari ya neno kutoka kabatini hadi simuni

KATIKA ofisi nyingi za humu nchini, hakuna jibu linalomvunja mwananchi moyo kama lile la karani kumwambia, "Faili yako haionekani." Mwananchi huyo huyo akirudi nyumbani, afute programu fulani simuni ili apate nafasi, kisha agundue kwamba hesabu za chama alizoziweka humo zimetoweka, atalalama kwa maneno yayo hayo: faili imepotea. Usemi ni mmoja, lakini yaliyotendeka ni mambo mawili tofauti. Ofisini, karatasi zipo mahali fulani, ila hajulikani aliyezitia wapi. Simuni hakuna karatasi, hakuna kabati, wala hakuna karani. Hesabu hizo hazikupotea njia. Zilifutwa kwa mujibu wa kanuni ambayo mwenye simu hakuwahi kuelezwa.

Katika makala ya leo ninanuia kuangazia historia ya maneno manne ambayo watumiaji wa Kiswahili huyachanganya wanapozungumzia kompyuta na simu: faili, folda, kabrasha na saraka. Hoja yangu ni kwamba maneno haya si visawe. Mawili kati yake ni picha iliyoazimwa ofisini ili kumtuliza mtumiaji. Moja linaeleza kile ambacho mashine inafanya hasa. Asiyejua tofauti hiyo, awe mtumiaji wa kawaida au kijana anayejifunza kuunda programu, atakuja kuilipia.

Tuanze na neno lenyewe. 'Faili' tulilipata kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililitoa katika Kifaransa na Kilatini, ambako shina lake lina maana ya uzi. Waingereza wa karne ya 16 hawakuwa na makabati ya nyaraka. Walitoboa barua na stakabadhi zao, wakazitunga kwenye uzi au waya mmoja baada ya nyingine, mithili ya shanga. Kutia karatasi kwenye faili kulikuwa kuitunga uzini. Mwenye kutafuta barua ya zamani alilazimika kupekua zote zilizotungwa juu yake.

Kiswahili nacho kilikuwa na maneno yake ya utunzaji wa nyaraka kabla ya Mwingereza kuja na uzi wake. 'Jalada' linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi, kwa kuwa vitabu vilifungwa kwa ngozi. 'Daftari' lilitufikia kupitia Kiarabu pia, lakini asili yake ya mbali ni Kigiriki, na huko vilevile maana yake ilikuwa ngozi, ile iliyoandikiwa. Kwa hiyo Mzungu alihifadhi maandishi kwa uzi, nasi tukayahifadhi kwa ngozi. Hata leo, katika mahakama za Tanzania husemwa jalada la kesi, ilhali Mkenya husema faili ya kesi. (Wapo wanaoliingiza neno faili katika ngeli ya LI-YA, wakasema 'faili langu'. Wengi nchini humu huliingiza katika I-ZI, na ndiyo ngeli ninayoifuata hapa.)

Folda ilizaliwa baadaye sana. Mwishoni mwa karne ya 19, biashara za Marekani zilipanuka hadi mafurushi ya barua yakawashinda makarani. Mwaka 1893, katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika jijini Chicago, kampuni ya Library Bureau, iliyoanzishwa na Melvil Dewey, yule aliyebuni mfumo wa kupanga vitabu maktabani, ilionyesha kabati la kupangia karatasi zikiwa zimesimama badala ya kulazwa. Karatasi zinazosimama zinahitaji kitu cha kuzishika. Hapo ndipo karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, yenye ulimi wa kuandikia jina, ilipopata umaarufu. Neno la Kiingereza lililozaa 'folda' lina maana ya kitu kilichokunjwa, basi. Folda nyingi zilitengenezwa kwa nyuzi za mmea wa Ufilipino ulio jamii moja na mgomba, na kwa kuwa nyuzi hizo zilisafirishwa kutoka Manila, karatasi ikabeba jina la mji huo. Ndiyo 'manila' ile ile ambayo walimu wetu huchorea chati darasani.

Hebu tushike jambo moja hapa kabla ya kuendelea. Folda ya karatasi ni mfuko. Karatasi iliyomo haiwezi kuwa katika folda nyingine kwa wakati huo huo, mpaka inakiliwe. Ukiihamisha, umeibeba. Ukiitupa folda motoni, karatasi zilizomo zinaungua. Haya ndiyo matarajio ambayo akili ya binadamu hubeba inapolisikia neno folda. Kompyuta haifuati hata moja kati ya hayo kwa ukamilifu.

Mwaka 1956, kampuni ya IBM ilizindua mashine iliyoitwa 305 RAMAC. Hifadhi yake ilikuwa na diski 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka pamoja kama sahani za santuri zilizopangwa juu ya mhimili mmoja. Zote kwa jumla zilibeba herufi milioni 5. Hiyo ni sawa na picha moja au mbili za simu ya leo. Kabla ya hapo, data ilikaa kwenye kadi zilizotobolewa au utepe, na mtu alilazimika kuanza mwanzo kufikia mwisho, kama barua zilizotungwa uzini. Diski iliiwezesha mashine kurukia popote. Lakini uhuru huo ulizua swali: kama waweza kurukia popote, utajuaje kitu chako kiko wapi?

Jibu lililodumu lilitolewa mwaka 1965. Taasisi ya MIT, kampuni ya General Electric na maabara za Bell zilikuwa zinaunda mfumo ulioitwa Multics, ambao ungewawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Katika mkutano wa wanakompyuta wa mwaka huo, R. C. Daley na P. G. Neumann waliwasilisha makala iliyoeleza jinsi faili za watu hao zingepangwa. Hawakuzungumzia kabati wala karatasi iliyokunjwa. Walichagua neno la Kiingereza linalotumiwa kuita kile kitabu cha majina, anwani na namba za simu. Walieleza kwamba kitu hicho ni faili maalumu ambayo ndani yake mna orodha tu. Kila mstari wa orodha una jina, na unaonyesha faili au orodha nyingine inayolibeba jina hilo. Orodha inayoonyesha orodha nyingine, nayo ikionyesha nyingine, huzaa umbo la mti uliopinduliwa, mzizi ukiwa juu na majani chini.

Wataalamu wa istilahi waliolipa dhana hiyo jina la 'saraka' kwa Kiswahili walilenga shabaha. Saraka ya simu haina watu ndani yake. Ina majina yao na namba za kuwapatia. Ukiirarua, hakuna aliyekufa.

Mwaka 1969 maabara za Bell zilijitoa katika mradi wa Multics. Wawili kati ya waliokuwa wakiushughulikia, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliunda mfumo wao mdogo na mwepesi, Unix. Mwaka 1974 waliuelezea ulimwengu katika makala iliyopata umaarufu mkubwa. Katika Unix iliyoenea miaka hiyo ya sabini, kila mstari wa saraka ulichukua baiti 16 peke yake: baiti 2 za namba ya faili na baiti 14 za jina. Yaani jina halikuzidi herufi 14, na faili yenyewe ilikaa kwingine kabisa. Saraka ilijua jina na namba, basi.

Matokeo ya mpango huo yanaonekana hadi leo katika kila simu ya Android na kila kompyuta ya Apple, ambazo ni vizazi vya Unix kwa njia moja au nyingine. Kwanza, faili moja yaweza kuwa na majina mawili katika saraka mbili bila kunakiliwa. Pili, kuhamisha video ya saa mbili kutoka folda moja hadi nyingine kwenye diski ile ile huchukua kufumba na kufumbua, kwa sababu kilichohama ni mstari wa jina, si video. Tatu, na hili ndilo zito, agizo la kufuta katika Unix halikupewa jina lenye maana ya kufuta. Linaitwa kwa neno lenye maana ya kufungua kiungo. Mashine hulitoa jina orodhani. Yakiisha majina yote, na kusiwe na programu inayoitumia faili hiyo, ndipo nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi. Yaliyoandikwa humo yaweza kubaki diskini hadi yaandikwe mengine juu yake. Kumbe anayeuza kompyuta kuukuu baada ya 'kufuta' barua zake amemuuzia mtu barua hizo bila bahasha.

Ikiwa saraka ilikuwapo tangu 1965, folda iliingiaje? Iliingia kwa mlango wa mauzo. Mwezi Aprili 1981, Xerox, kampuni iliyojulikana kwa mashine za kunakilia karatasi, ilizindua kompyuta iliyoitwa Star. Wateja wake hawakuwa wanasayansi. Walikuwa makatibu na mameneja. Kwa hivyo skrini ikachorwa kama meza ya ofisi, juu yake pakawekwa vijipicha vya hati, folda na droo za kabati. Bei ilikuwa zaidi ya dola 16,000 kwa mashine moja, na haikununuliwa sana. Ila wazo lake lilitembea. Apple ililichukua kwa kompyuta ya Lisa mwaka 1983, kisha kwa Macintosh Januari 1984.

Macintosh hiyo ya kwanza inatufunza jambo. Skrini yake ilionyesha folda, tena za kupendeza, na mtumiaji aliburuta faili kwa kipanya akazitia humo. Lakini kwenye diski hapakuwa na saraka ndani ya saraka. Faili zote zilikuwa katika orodha moja ndefu, na folda zilikuwa mchoro tu. Mtumiaji aliyekuwa na faili iitwayo 'Barua' katika folda ya kazi hakuweza kuwa na 'Barua' nyingine katika folda ya nyumbani. Mashine ilikataa, naye hakuelewa kwa nini. Septemba 1985 Apple ilitoa mpango mpya wa diski ambao hatimaye uliufanya mchoro ufanane na kilichomo.

Upande wa pili, Microsoft ilianza mwaka 1981 na mfumo wa MS-DOS usio na saraka za ndani hata kidogo. Zililetwa katika toleo la 2.0 mwezi Machi 1983, pamoja na kompyuta ya IBM yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Hapa ndipo alama za uakifishaji zilipowagombanisha wanakompyuta. Unix ilitenganisha majina ya saraka kwa mkwaju (/). Lakini programu za mwanzo za DOS zilikuwa tayari zinautumia mkwaju kwa kazi nyingine, ya kuonyesha chaguo la agizo. Microsoft ikaugeuza mkwaju uangalie upande wa pili (\). Apple nayo ilikuwa ikitumia nukta mbili (:). Mifumo mitatu ikawa na alama tatu kwa kazi moja. Kwa miongo kadhaa, waunda programu wamepoteza usiku wao kwa ajili ya mkwaju ulioinamia upande usiofaa.

Mwezi Agosti 1995, Windows 95 ilifanya mambo mawili yaliyogusa lugha. Iliruhusu majina marefu ya hadi herufi 255, baada ya miaka ya majina ya herufi 8 na tatu za mwisho. Kisha ikaliondoa neno saraka mbele ya macho ya mtumiaji, ikaweka folda mahali pake. Tangu siku hiyo dunia nzima, nasi tukiwemo, tukasema folda. Kiswahili kilipopata programu zake, kwa mfano Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wafasiri walikabiliana na istilahi ambazo Wamarekani wenyewe walikuwa wamezichanganya.

Tufike sasa simuni, ambako jambo hili linagusa mfuko wa kila mmoja wetu. iPhone ilipotoka mwaka 2007, haikuwa na mahali popote pa mtumiaji kuona faili zake. Duka la programu lilipofunguliwa Julai 2008, kila programu ilipewa chumba chake kilichofungwa, isiweze kuchungulia cha jirani. Ilichukua miaka 10 kabla ya Apple kuleta, mwaka 2017, programu ya kumwonyesha mwenye simu faili zake. Android ilianza kinyume. Programu iliyoruhusiwa kufikia hifadhi iliweza kusoma karibu kila kitu cha pamoja kilichokuwa humo. Programu ya tochi, ikikubaliwa tu, ingeweza kupitia picha za harusi yako. Mwaka 2019, katika Android 10, Google ilianza kuufunga mlango huo, na toleo la 11 mwaka uliofuata likaukaza zaidi.

Nani atapinga hatua hiyo? Ni ulinzi wa haki. Lakini kila ulinzi una gharama yake. Programu ikiondolewa simuni, chumba chake hubomolewa pamoja na vyote vilivyomo. Hapa sasa mashine inatenda kama folda iliyotupwa motoni, ilhali mtumiaji hakuona folda yoyote. Aliona kijipicha tu. Mweka hazina wa chama aliyeandika michango ya mwaka mzima katika programu ya daftari alidhani hesabu ni zake na programu ni chombo. Kumbe muunda programu alizihifadhi katika chumba cha programu, wala hakumpa mwenyewe njia ya kuzitoa.

Hilo ni jukumu la muunda programu, na vijana wengi wa Nairobi, Mombasa na Eldoret wanaojifunza kazi hii wanapaswa kulijua mapema. Wajiulize kabla ya kuandika msimbo: faili hii ni ya programu, au ni ya mtu? Vitu vya muda, kama vijipicha vidogo na mipangilio, vikae chumbani. Kazi ya mtu, kama hesabu, barua au insha, impelekee mwenyewe achague mahali. Mifumo ya simu ya leo ina dirisha la kumwachia mtumiaji aionyeshe faili anayoitaka, na programu ikapata ruhusa ya hiyo moja bila kuona nyingine. Kwenye kompyuta ya mezani, programu isiandike njia kwa mkono na mikwaju yake. Iuombe mfumo njia hiyo, kwa kuwa mfumo ndio unaojua mikwaju yake inaelekea wapi. Tena wakumbuke kwamba Android hutofautisha 'Picha' na 'picha' katika hifadhi ya ndani ya programu, lakini kwa kawaida Windows haitofautishi. Jina lenye nukta mbili, kama 'Mkutano 8:30', hukubalika kwenye Linux na hukataliwa kwenye Windows. Mtu aliyejaribu kazi yake kwenye mashine moja tu hajaijaribu.

Basi tuyatumieje maneno yetu manne? Pendekezo langu ni hili. 'Faili' libaki jina la kile kilichoandikwa, liwe la karatasi au la mashine. 'Folda' na 'kabrasha' yatumiwe kwa kile kijipicha anachokiona mtumiaji kwenye skrini. 'Kabrasha' lina sifa ya kuwa tayari lilitumiwa kwa karatasi ngumu ya kuhifadhia nyaraka, hivyo mwenye kulipenda asione haya. 'Jalada' tuwaachie mahakama na wachapishaji. Lakini 'saraka' tulifunze darasani, katika somo la kompyuta, kuwa ndilo jina la kitu chenyewe: orodha ya majina inayotunzwa na mfumo.

Kuna watakaosema, ati, huku ni kupasua nywele. Mtumiaji anataka tu kazi yake ionekane, awe ameiita mahali pake folda au gunia. Nakubali kwamba hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya istilahi. Amekosa usingizi kwa sababu ya hesabu zilizotoweka. Ila mwanafunzi aliyeambiwa kwamba folda ni mfuko hana namna ya kueleza kwa nini video kubwa ilihama kwa sekunde moja, kwa nini barua iliyofutwa ilifufuliwa na fundi wa River Road, wala kwa nini kuondoa kijipicha kimoja kulimwondolea mwaka mzima wa kazi. Aliyeambiwa kwamba kuna saraka, na kwamba kila saraka ina anayeitunza, atauliza swali linalofaa kabla ya kubonyeza kitufe: orodha hii ni ya nani?

Tangu Julai 2020, mawakili jijini Nairobi wamekuwa wakiwasilisha kesi mahakamani kwa njia ya mtandao. Taratibu nyaraka zetu za kesi, za ardhi na za shule zinaondoka kwenye manila na kuingia katika saraka ambazo hatuzioni. Yule karani wa kutuambia faili haionekani atapungua. Orodha itabaki, na yupo mtu atakayekuwa na idhini ya kuondoa jina humo. Lugha tutakayomfunzia mtoto wa leo ndiyo atakayoitumia kesho kumuuliza mtu huyo maswali.